Profesa wa udongo na matetemeko anatafiti nini miaka 30?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa tatu, uhandisi wa ujenzi. Nimesoma wasifu wa profesa mmoja aliyefundisha zaidi ya miaka 30, na utafiti wake wote ni udongo wakati wa tetemeko la ardhi. Nimeshindwa kuelewa. Nguzo na mihimili najua ina mengi ya kukokotoa, lakini udongo ukishapimwa si umepimwa? Mtu huyo hufanya nini siku hadi siku, ikiwa tetemeko kubwa lenyewe huenda asilione hata mara moja pale anapoishi? Na nikivutiwa na njia hiyo, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Swali lako la kati ndilo zito. Mtafiti wa fani hii hapangi tarehe ya jaribio lake kubwa. Mwenzake wa zege humimina sampuli leo, akaivunja baada ya siku 28, akaandika alichokiona. Huyu wa matetemeko humngoja mwenye ardhi aitikise, na ikitikisika huwa ni nchi nyingine, chini ya mji ambao pengine udongo wake haujapimwa sawasawa. Miaka yake mingi hupita akitayarisha maswali kabla ya tetemeko, na wiki chache zenye jasho hupita akifukuzia majibu kabla mvua na matingatinga hayajayafuta.

Nianze na hilo la "ukishapimwa umepimwa". Chuma kina nguvu yake, unaisoma kwenye jedwali. Mchanga ulio chini ya maji hauna nguvu moja. Chembe zake hubeba jengo kwa kubanana na kusuguana. Ukiutikisa mchanga uliolegea, chembe hutaka kujipanga upya na kushuka, kama nafaka kwenye debe linalotikiswa. Tatizo ni kwamba nafasi zilizo kati ya chembe zimejaa maji, na tetemeko la sekunde 20 haliyapi maji hayo muda wa kutoka. Mzigo uliokuwa juu ya chembe unahamia kwenye maji, kanieneo yake inapanda, chembe zinaacha kubanana, na tabaka zima linageuka kimiminika. Mtikisiko ukiisha maji hupenya kwenda juu yakibeba mchanga, na baada ya saa chache ardhi ni ngumu tena. Kwa hiyo swali halali ni hili: udongo huu una nguvu gani katika sekunde ya 12 ya mtikisiko huu, maji yakiwa kina hiki? Kulijibu hilo kwa uhakika bado hatujaweza, na hapo ndipo ajira ya profesa wako ilipo.

Msingi wa wazo hilo ni wa Karl Terzaghi, aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba udongo huhisi mkazo fanisi tu, yaani mkazo wote ukitoa kanieneo ya maji. Lakini fani ya udongo na matetemeko ilipata umbo lake mwaka 1964, na ukitaka kuona jinsi taaluma ya mtu inavyoweza kupindwa na mwaka mmoja, mtazame Harry Bolton Seed.

Seed alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1922, akapata shahada ya uzamivu King's College London, kisha akaenda Harvard na kusoma kwa Terzaghi na Arthur Casagrande. Mwaka 1950 akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa miaka mingi ya mwanzo alishughulika na barabara za lami, ushindiliaji wa udongo na udongo mfinyanzi unaovimba. Ilikuwa kazi nzuri na yenye heshima, ila haikuwa ya matetemeko. Halafu tarehe 27 Machi 1964 Alaska ikapigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.2, na mtaa wa Turnagain Heights mjini Anchorage ukaporomokea baharini pamoja na makumi ya nyumba. Tarehe 16 Juni mwaka huo huo ikafuata Niigata, Japani. Pale mtaa wa Kawagishi-cho majengo ya ghorofa nne yalilala ubavu bila kuvunjika. Zege halikuwa na kosa, vyuma havikuwa na kosa, msingi ulikuwa umekaa juu ya mchanga uliogeuka kimiminika. Baadhi ya majengo hayo yaliinuliwa baadaye yakatumika tena.

Picha hizo ziliwaumbua wahandisi wa miundo na wa udongo pamoja, kwa sababu hapakuwa na hesabu ya kusema kabla ni mtaa gani ungezama na upi ungebaki. Seed hakuanza na nadharia. Yeye na Kenneth Lee walichukua mchanga uliojaa maji, wakauweka kwenye kifaa cha kubana sampuli pande zote, wakaupakia mzigo wa kwenda na kurudi wakihesabu mizunguko mpaka unalegea. Makala yao ilitoka 1966. Mwaka 1971 Seed na I. M. Idriss, aliyesomea uzamivu wake Berkeley, wakatoa ile iitwayo mbinu rahisi, na hadi leo mhandisi anayekagua kiwanja kwa ajili ya tetemeko bado anaanza na uzao wa mbinu hiyo.

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hudhani wameelewa. Mbinu hiyo ni mchoro mmoja. Mhimili wa chini ni ugumu wa mchanga, ukipimwa kwa jaribio la kugonga: nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka sentimita 76, nawe unahesabu mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba la sampuli sentimita 30. Mhimili wa wima ni jinsi tetemeko lilivyousukuma udongo huo. Kila mahali palipowahi kutikiswa panakuwa nukta moja kwenye mchoro: nyeusi kama mchanga uligeuka kimiminika, nyeupe kama haukugeuka. Kisha unachora mstari kati ya nyeusi na nyeupe. Basi, hiyo ndiyo sayansi inayoshikilia misingi ya madaraja na bandari.

Sasa jiulize nukta nyeupe hutoka wapi. Timu zinapofika kwenye maafa, kamera zote huelekezwa kwenye jengo lililoinama na barabara iliyopasuka. Ule mtaa wa pili, ambako kikombe hakikuanguka mezani, hakuna anayeusimamisha gari. Lakini mstari hauwezi kuchorwa kwa nukta nyeusi peke yake. Kwangu mimi, kipimo cha mtafiti mzuri wa fani hii ni kama ana moyo wa kupeleka mtambo wa kuchoronga mahali ambapo hapakutokea kitu, akaomba fedha kwa ajili hiyo, na akakubali kuulizwa na mwenye kiwanja, "Hapa mnatafuta nini?" Ni kazi isiyotoa picha ya gazetini. Nimesoma ripoti nene zenye mamia ya picha za uharibifu na nikazifunga bila nukta nyeupe hata moja ya kutumia.

Hata zile nukta zenyewe hazikuwa safi. Nyundo ya kilo 63.5 ni ile ile duniani kote, lakini inavyoangushwa hutofautiana: kuna kamba iliyozungushwa kwenye ngoma, kuna kifyatuzi cha kujiachia, na kila njia hupeleka kiasi tofauti cha nishati kwenye bomba. Mchanga mmoja unaweza kutoa mapigo 10 kwa fundi huyu na 15 kwa yule. Ilipofika 1985, Seed na wenzake wakapendekeza kila hesabu irekebishwe iwe kana kwamba asilimia 60 ya nishati ya nyundo ndiyo iliyofika. Jambo dogo, la mafundi na kamba, lakini kabla ya hapo watu walikuwa wanalinganisha namba zisizolingana. Siku hizi wengi wanapendelea koni inayosukumwa chini kwa kasi ya sentimita 2 kwa sekunde, kwa sababu inasoma mfululizo na haitegemei sana mkono wa mtu.

Tetemeko la San Fernando, California, tarehe 9 Februari 1971, lilifundisha somo jingine. Upande wa bwawani wa tuta la Lower San Fernando uliteleza ndani ya maji, likabaki kama mita 1.5 tu ya udongo uliopasuka juu ya usawa wa maji, na watu wapatao 80,000 waliokaa chini ya bwawa wakahamishwa. Juu ya tuta hilo kulikuwa na kifaa kidogo cha kurekodi mtikisiko. Seed na wenzake walipoichunguza rekodi yake wakagundua kwamba tuta halikuanguka wakati ardhi inatikisika. Lilianguka sekunde kadhaa baada ya mtikisiko kwisha, kwa uzito wake lenyewe, udongo ukiwa umekwisha kulegea. Ugunduzi huo ulibadilisha swali la mabwawa. Ukishajua nguvu ya tetemeko, bado hujajua nguvu inayobaki kwenye udongo uliokwisha kulegea, na namba hiyo inasumbua hadi leo kwa sababu matukio ya kuipata ni machache.

Kama matukio ni machache, tutengeneze ya kwetu, ndipo inapoingia sentrifuji. Huwezi kujenga tuta la sentimita 50 mezani ukategemea lijibu kama la mita 25, kwa kuwa tabia ya mchanga hutegemea uzito unaoubana. Lakini ukiliweka tuta hilo kwenye mwisho wa mkono unaozunguka kwa kasi mpaka lihisi uvutano mara 50, mkazo kwenye kitako chake unakuwa ule ule wa tuta la mita 25. Sentrifuji kubwa ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ina mkono wa mita 9 hivi, na mwishoni mwake kuna meza inayoutikisa udongo wakati mkono unazunguka. Tetemeko la sekunde 20 linakuwa la sekunde 0.4. Hapo pana mtego mzuri wa kufikirisha: mtikisiko umekuwa wa haraka mara 50, lakini maji yanapenya kwenye modeli haraka mara 2,500, kwa hiyo yangetoka kabla hayajafanya madhara. Watafiti hubadilisha maji kwa kimiminika chenye mnato mara 50 ya maji, yaani kinachopenya polepole mara 50, saa mbili hizo zikaoana. Mwanafunzi wa uzamivu anaweza kumaliza miezi akimimina mchanga kwa urefu sawa, akijaza kimiminika bila kiputo cha hewa, akipanga vihisio kimoja kimoja, kwa jaribio la chini ya sekunde moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo kadhaa vilifanya mradi ulioitwa VELACS. Wenye programu za kompyuta waliombwa watabiri matokeo ya majaribio ya sentrifuji kabla hayajafanyika, kisha utabiri ukawekwa mezani mbele ya wote. Utabiri ulitawanyika vibaya. Baadhi ya maabara pia zilipata shida kurudia matokeo ya maabara nyingine. Mimi nauheshimu mradi huo kuliko mingi iliyofana, kwani ulilazimisha watu kuandika jibu kabla ya kuliona.

Usidhani mambo yote ni mchanga. Mwaka 1985 tetemeko lililoanzia pwani ya Pasifiki ya Meksiko lilisafiri zaidi ya kilomita 350 na kuangusha majengo katika jiji la Meksiko. Sehemu iliyojengwa juu ya tope la ziwa la zamani ilitikisika kwa mchapuko wa mara 4 hadi 5 ya ule wa vilimani, na kila yumbo moja lilichukua karibu sekunde 2, muda unaokaribiana na ule wa kuyumba kwa majengo ya ghorofa za wastani hadi ndefu. Mwaka 1991 Mladen Vucetic na Ricardo Dobry walionyesha kwamba kadiri mfinyanzi unavyokuwa na unyumbukaji mkubwa, yaani uwezo wa kufinyangwa bila kupasuka, ndivyo unavyochelewa kulegea chini ya mtikisiko, na hivyo hupitisha na kukuza mawimbi badala ya kuyafyonza. Seed alifariki Aprili 1989. Miezi 6 baadaye tetemeko la Loma Prieta likatikisa eneo la ghuba ya San Francisco, na uharibifu mkubwa ukatokea palepale penye tope la ghuba na kifusi cha zamani, mtaa wa Marina ukiwa mmojawapo.

Umeuliza kuhusu siku hadi siku. Ukweli ni kwamba profesa wa umri wa kati hagusi mchanga mara nyingi. Huandika maombi ya ruzuku, mengi yakakataliwa. Husoma rasimu za tasnifu. Hupitia makala za wenzake bila malipo. Hufundisha madarasa ya misingi na kuta za kuzuia udongo yasiyo na tetemeko ndani yake. Huitwa kwenye jopo la kukagua bwawa au daraja, na huko ndiko hukutana na swali asilolipenda: "Kwa hiyo tujenge au tusijenge?" Kazi ya mikono iko kwa wanafunzi wake, na mchango wao si wa pembeni. Baada ya tetemeko la Kocaeli nchini Uturuki, Agosti 1999, mji wa Adapazarı ulikuwa na majengo yaliyozama kwenye udongo laini wenye vumbi la mchanga, ambao vigezo vya zamani vilivyotegemea kiasi cha mfinyanzi vilisema usingegeuka. Jonathan Bray na mwanafunzi wake Rodolfo Sancio waliuchoronga, wakaupima, na mwaka 2006 wakapendekeza kuangalia unyumbukaji wa udongo na unyevu wake ukilinganishwa na kikomo cha umajimaji, yaani unyevu ambao udongo huanza kutiririka. Jina la mwanafunzi limekaa kwenye kigezo hicho sawa na la mwalimu.

Halafu kuna simu ya usiku. Marekani kuna kundi la GEER, la wataalamu wanaojitolea kwenda haraka penye maafa, wakiwezeshwa na mfuko wa taifa wa sayansi. Wanapima nyufa, wanarusha droni, wanachukua mchanga uliotoka ardhini, na wanatoa ripoti kwa kila mtu. Heshima ya kazi hiyo imo katika kutowasumbua waokoaji. Anayefika siku ya pili na kuomba gari la serikali limzungushe akapige picha za nyufa hajui alikokwenda.

Na watu hugombana. Mnamo 2010 hivi makundi mawili ya watafiti, wote wakiwa wamelelewa na kazi ya Seed, walitoa mistari iliyotofautiana kwenye ule mchoro wa nyeusi na nyeupe, wakabishana hadharani jinsi kila mmoja alivyosoma matukio yale yale. Mwaka 2016 Akademia za Taifa za Marekani zilitoa ripoti kuhusu hali ya fani nzima, na moja ya madai yake makubwa ilikuwa takwimu za matukio ziwe wazi ili kila mtu azikague. Ugomvi ule ulikuwa mkali kupita kiasi, lakini matunda yake ni mazuri kwako wewe unayeanza leo.

Pengine unajiuliza pia kama kazi haijaisha. Christchurch, Nyuzilandi, ilitikiswa Septemba 2010 na tena tarehe 22 Februari 2011, tetemeko lililoua watu 185. Vitongoji vya mashariki vilifurika mchanga na maji, na maelfu ya nyumba yakaachwa moja kwa moja. Kisha vikafanywa vipimo vya koni kwa maelfu, pengine kuliko mji wowote duniani. Matokeo? Kuna maeneo mengi ambayo mbinu zetu zinasema yalipaswa kugeuka kimiminika na juu ya ardhi hapakuonekana hata ufa. Misko Cubrinovski na wenzake wanaeleza kwamba pale tabaka za mchanga zimekatwakatwa na tabaka za vumbi la udongo, matabaka huathiriana na maji hayapandi kwa njia moja. Upande wa pili uko Palu, Indonesia, Septemba 2018, ambako miteremko midogo sana, ambayo wengi tungeiita tambarare, ilitiririka mamia ya mita ikibeba vijiji, na maji ya mfereji wa umwagiliaji yanatajwa kuwa sehemu ya sababu. Huku tunatabiri maafa yasiyotokea, kule yanatokea kwa ukubwa usiotabiriwa.

Sasa wewe. Usianze na kozi ya matetemeko, anza na mkazo fanisi mpaka uweze kuukokotoa usingizini. Ongeza mitetemo, takwimu na uwezekano, na jiolojia, ambayo wahandisi huidharau kisha wakaijutia. Python inatosha kwa upande wa programu. Unapochagua msimamizi, waandikie wanafunzi wake waliokwisha hitimu na uwaulize inachukua muda gani kurudishiwa rasimu.

Na fanya zoezi hili wiki hii. Chukua mchanga wenye uzito wa kilonewtoni 19 kwa mita ya ujazo, kina cha mita 5, mchapuko wa kilele 0.2 ya uvutano. Uwiano wa mkazo wa tetemeko kwa mbinu ya 1971 ni 0.65 mara 0.2, mara mkazo wote gawanya kwa mkazo fanisi, mara kipunguzo cha kina ambacho hapa ni 0.96 hivi. Maji yakiwa juu kabisa, mkazo wote ni kilopaskali 95, fanisi ni kama 46, jibu ni 0.26. Yashushe maji hadi mita 3, na kwa urahisi acha uzito wa udongo kama ulivyo: mkazo fanisi unakuwa 75 hivi na jibu linashuka hadi 0.16. Udongo haujabadilika, tetemeko halijabadilika. Kisha ingia kwenye hifadhidata ya jiotekniki ya Nyuzilandi, tafuta kipimo kimoja cha koni mahali ambapo hapakutokea kitu mwaka 2011, urudie hesabu kwa kila kina, na uandike ukurasa mmoja ukijaribu kueleza kwa nini mbinu ilikosea au ilipatia. Siku utakapoomba nafasi ya uzamili, ambatanisha ukurasa huo. Barua nyingi zinazofika kwa maprofesa zina cheti na sifa, na ukurasa wa namna hiyo huwa haumo.